Kiatu cha Kushoto

Kwenye karakana yetu ya kujalidi vitabu kuna sheria moja iliyobandikwa ukutani: SOMA NAMBA, USISOME HADITHI. Aliyeiandika ni msimamizi. Tunamwita Rula, maana rula yake haiachi hata akienda kunywa chai. Alishanikamata mara mbili nikisoma kazini, na akaniambia ya tatu nitakwenda kusomea nyumbani, tena moja kwa moja.

Mimi ni mtu wa kusikia. Lakini siku hiyo ililetwa mezani kwangu sehemu ya pili ya kile kitabu cha msomi wa vibwengo, yule mama mkavu wa macho anayezunguka misituni na daftari akipima nyayo za vibwengo kwa sentimita. Sehemu ya kwanza nimeisoma mara nne. Inaishia anamwachia malkia wa vibwengo kiatu chake cha kushoto kiwe rehani, anarudi nyumbani akichechemea. Miaka miwili nimesubiri kujua kama atarudishiwa! Nani angetazama namba tu?

Kazi yangu ni kupanga karatasi zilizokunjwa, kurasa kumi na sita kila moja, zifuatane kabla hazijashonwa. Mkono ukapanga, jicho likaiba. Ukurasa wa 99, msomi anaruka mto, viatu vyote viwili miguuni. Ukurasa wa 118, mguu mmoja uko peku, anambembeleza malkia amrudishie kiatu. Nikatazama namba. Zimefuatana sawasawa.

"Wifi," nikamnong'oneza mke wa kaka yangu, anayepaka gundi meza ya pili, "sura zimepishana."

"Umejuaje?"

"Kiatu."

"Basi nyamaza na kiatu chako. Ukisema, umejitia kitanzi mwenyewe."

Kweli tupu. Lakini nakala elfu mbili zilikuwa zinasubiri kushonwa, na mashine ilikuwa imeshawashwa. Nikawaza watu waliosubiri kama mimi, halafu wanakabidhiwa uchafu ule. Hasira zikanipanda. Liwalo na liwe! Nikabonyeza kitufe chekundu, mashine ikanyamaza.

Rula alifika mbio. "Namba zimekosewa?"

"Namba ziko sawa. Hadithi ndiyo imekosewa. Nimesoma."

Alinitazama, akatazama ukutani, kisha akaenda kumpigia simu mchapishaji. Wifi akaanza kunikunjia aproni, eti ananisaidia kufungasha.

Rula alirudi amebeba kiti chake mwenyewe, kile chenye mto.

"Mpangaji kurasa alizipisha sura mbili," alisema. "Wamefungua mswada, ni kama ulivyosema. Karatasi hizo zitachapwa upya." Akakiweka kiti dirishani. "Kaa. Soma kitabu chote, mpaka mwisho. Ukikuta kiatu kingine, piga kelele."

"Kwa sauti, wifi!" akadakia yule yule aliyekuwa ananifungashia. "Miaka miwili unatuchosha na hicho kiatu."

Nikasoma kwa sauti, mchana kweupe, tena nalipwa. Nilijiona malkia wa vibwengo mwenyewe. Mikono ya wenzangu ilikunja karatasi, masikio yalikuwa kwangu. Rula alijifanya anapima jalada, lile lile moja. Nilipofika pale malkia anapokitupa kiatu miguuni mwa msomi, karakana nzima ikashangilia, nami nikanyamaza nivute pumzi.

"Rudia hapo," akasema Rula.