Stendi za Umma

Belkis alisimama mlangoni mwa karakana ya manispaa tangu saa mbili asubuhi. Saa tano Ndugu Osmani, meneja, akamwita ndani bila kumkaribisha kiti.

"Tunaomba stendi nne tu za chuma za kushikilia gari, Ndugu. Siku moja. Evelio anashusha giaboksi, na Ijumaa gari linakaguliwa. Lisipopita, leseni ya teksi imekwenda."

"Hizo mali ya umma, mama."

"Kwani sisi si umma?"

"Umma ni watu wote kwa pamoja. Wewe hapo ni mtu binafsi." Akawatazama makarani, nao wakacheka kama ilivyowapasa.

Evelio, mumewe, alifanya kazi humo miaka ishirini na sita, na stendi zile alizichomelea kwa mkono wake mwenyewe. Sasa zilikuwa zimebeba gari la shemeji wa Osmani, mchana kweupe, wala hakuna aliyejisumbua kulifunika.

Evelio alipopewa majibu alitoka nje. Mbele ya mlango wao, pale palipo tambarare, akazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akainua gari kwa jeki taratibu, akapanga chini yake matofali ya sementi waliyogawiwa baada ya kimbunga, yale yenye matundu. Mji mzima wa Guantánamo ulijua kwamba sementi ya matofali hayo iliuzwa kwa mlango wa nyuma, na mashine ya kufyatulia ikapata mchanga. Evelio ndiye aliyekuwa akiwafokea wanagenzi miaka yote: tofali ni la kujengea, si la kulala chini yake.

"Mzee, acha," alisema Belkis.

"Na Jumamosi tutakula nini?" Akalitikisa gari kwa nguvu mara mbili, kama alivyowafundisha wengine. Halikucheza. "Umeona? Nipe spana ya kumi na nne, halafu ukanichemshie kahawa."

Kahawa ilikuwa haijachemka matofali yalipopasuka.

Majirani walilinyanyua gari kwa mikono. Walikuwa wamechelewa.

Kamati ya uchunguzi ilikuja jioni, watu watatu. Hawakuuliza matofali yalitengenezwa vipi. Waliuliza ni nani aliyeruhusu ufundi nyumbani. Kisha wakabandika karatasi yenye muhuri kwenye kioo.

"Gari hili sasa ni ushahidi, mama. Ikipungua hata skrubu, utajibu wewe. Saini hapa."

"Kesho nazika."

"Tafuta wa kusaini badala yako, alilinde yeye."

Alibisha hodi mtaa mzima. Walimkumbatia, wakalia naye, wakampa mkate na sukari kutoka mgao wao. Kalamu hakuna aliyeigusa. Kwa skrubu moja mtu angeweza kufungwa, na mjini pale skrubu huota miguu. Belkis hakuwalaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake saa tisa alasiri gari la maiti lilipita, watu wakilifuata kwa miguu. Lilipofika kwake likapunguza mwendo. Belkis, aliyekuwa amekaa kando ya gari lenye muhuri akililinda, akainuka kitini, akapiga hatua mbili. Ng'ambo ya barabara wanaume wawili asiowajua walikuwa wamesimama, wakizitazama taa za mbele za gari la Evelio. Akarudi, akakaa, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa gari lililomuua mumewe.