Waliokula Ng'ombe wa Noonkipa

Ng'ombe wa Noonkipa alilala chini siku tano kabla ya kufa. Alikuwa mzee, mbavu zimetokeza zote, na pajani alikuwa na kidonda kilichokwisha kuanza kunuka. Noonkipa, mama mzee wa Kimaasai, alimpelekea maji kwa ndoo mpaka siku ya mwisho.

"Amenizalia ndama sita," aliniambia. "Siwezi kumtafuna. Na kwa ugonjwa ule, simpi mtu. Kama kamera zako zinataka kuona wala mizoga, zifunge pale."

Mimi naitwa Irine, mtu wa Gonja. Mwaka ule nilifanya kazi na watafiti wa wanyama kwenye tambarare chini ya Ndungu. Nilikuwa nafunga kamera zinazopiga picha zenyewe kitu kikisogea mbele yake, kisha narudi baada ya siku chache kuchukua kadi za picha. Jumanne asubuhi nilifunga mbili kwenye migunga, moja kila upande wa mzoga, nikazificha kwa matawi, nikaondoka.

Pale Ndungu nilikuwa nakula kwa Wilbard. Mbele bucha, nyuma jiko la supu. Wilbard alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, koti jeupe limepigwa pasi, kucha safi kama za mkunga. Hakuweza kumpimia mtu nyama bila kumhubiria. Kwake kila mtu alikuwa mchafu: wauza samaki wachafu, mama lishe wachafu, wafugaji ndiyo usiseme.

"Dada Irine," aliniambia Alhamisi, akiniwekea bakuli, "baba yako kakusomesha ili ukawapige picha fisi? Mnyama anayekula vilivyokufa, huyo naye ni mnyama? Kula supu hiyo. Ng'ombe kachinjwa jana, mguu wa nyuma."

Nikala. Nikaomba na ndimu ya pili. Sehemu hiyo ya hadithi naisema haraka, maana hapo wa kudharauliwa ni mimi.

Ijumaa nilichukua kadi, nikaenda nazo bomani kwa Noonkipa kwa sababu aliomba kuona. Tulikaa kivulini, kompyuta juu ya kigoda.

Wa kwanza walikuwa tumbusi, Jumanne ile ile saa nane mchana, wametua pembeni wakisubiri kama wageni ambao hawajakaribishwa. Kisha bweha wawili, dume na jike, wanakula kwa zamu: mmoja akila, mwenzake anaangalia nyuma. Jioni alipita chui, akanusa kile kidonda, akaenda zake.

"Huyo kalelewa vizuri," alisema Noonkipa.

Picha iliyofuata ilikuwa ya Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Tumbusi wanaruka, mabawa yamejaa picha nzima. Iliyofuata ilikuwa na buti za mpira. Iliyofuata ilikuwa na Wilbard.

Ameinama, kisu kakibana kwa meno, mikono yote miwili imeshika mguu wa nyuma anauzungusha utoke kwenye nyonga. Koti jeupe hakulivaa. Lilining'inia kwenye tawi, lisichafuke. Picha nyingine anawatupia bweha mawe. Nyingine anakata nyama iliyozunguka kidonda na kuirusha kando, kwa uangalifu, kama mtu anayemenya embe. Alijua anachokifanya. Picha yake ya mwisho anafunga kiroba nyuma ya pikipiki, miguu yote miwili ya nyuma imo ndani.

Nilikwenda nyuma ya zizi nikatapika, ingawa supu yenyewe ilikuwa ya jana yake na haikuwepo tena ya kutapika. Niliporudi, Noonkipa alikuwa bado anaitazama ile picha ya koti.

"Twende," alisema.

Bucha lilikuwa na watu sita au saba. Wilbard alimwona mama wa Kimaasai mlangoni, akaweka tabasamu la biashara.

"Shikamoo, mama. Karibu."

Noonkipa hakuitikia. Kwa mwanamke wa umri wake, kuikataa shikamoo mbele za watu ni zaidi ya tusi.

"Nipimie kilo moja ya ng'ombe wangu," alisema.

Nikaigeuza kompyuta, watu wakasogea. Wilbard alianza kwa kucheka. Kisha akasema siku hizi picha zinatengenezwa. Kisha akasema yule ni ndugu yake anayefanana naye. Mwisho, alipoona hakuna aliyemeza hata moja, akapandisha sauti:

"Basi mlitaka ikaliwe na fisi? Nyama yote ile iharibike?"

"Fisi hakumdanganya mtu kwamba kaichinja," alisema Noonkipa, akageuka, akatoka.

Nilitegemea watu wangemrukia. Mwalimu mmoja wa kike alitema mate sakafuni, akaondoka. Waliobaki walisonya, wakatikisa vichwa, na mzee mmoja aliyekwisha kupimiwa nyama yake akaitazama, akainusa, akaikunja tena kwenye gazeti na kuitia mfukoni. "Lakini ya juzi ilikuwa laini," alisema. Wawili wakacheka.

Bwana afya alipopata taarifa alikuja akafunga bucha. Lilikaa wiki tatu na kufuli. Lilipofunguliwa lilikuwa na rangi mpya na bango limeandikwa NYAMA SAFI, HUDUMA SAFI, na asubuhi ya kwanza foleni ilifika barabarani. Niliwahesabu wanne katika wale walioziona picha kwa macho yao. Yule mwalimu hakuwemo.

Bosi wangu aliniagiza nizifute picha za mtu. Utafiti wetu, alisema, ni wa wanyama. Sikuzifuta. Kwenye jedwali la waliofika kwenye mzoga, kati ya chui na fisi aliyemalizia mifupa Jumatano usiku, niliandika: binadamu, dume, mmoja, alifika peke yake, hakumwachia mwenzake. Liliporudi kwangu mstari ule ulikuwa umefutwa kwa wino mwekundu.

Noonkipa alinipigia simu baadaye kuniuliza kama kweli watu wamerudi kula pale. Nikamwambia wamerudi. Akaniuliza habari za mama yangu kule Gonja.