Nani Atasema Washa

Mume wangu ni fundi umeme, na mtaa mzima humwita Fyuzi. Ni mtu mzuri, ila kwa ubishi hana mpinzani. Kwa miezi moyo wake ulikuwa hauna utaratibu: mara mbio, mara unasita, mara unapapatika. Akipanda ngazi kidogo tu anahema, naye anasingizia joto.

Daktari alitueleza taratibu. Moyo wenye afya una mahali padogo, kule juu, panapotoa cheche, na kila cheche ni pigo moja, kwa mpangilio. Wake ulikuwa ukitoa cheche kila upande, vyumba vya juu vikitetemeka badala ya kusukuma damu. Damu ikituama huganda, na bonge likifika kwenye ubongo mtu hupooza. Kwanza angemeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa wiki kadhaa. Kisha angelazwa usingizi, apigwe shoti ya umeme ili moyo urudi kwenye mwendo wake.

Dawa alimeza bila neno. Siku ya shoti ndipo aliponitia aibu. Alikuja hospitalini na testa yake ya kupimia umeme mfukoni, akapima kitanda, akapima mashine, muuguzi akimtazama mikono kiunoni. Vyote vilikuwa salama. Nikadhani yameisha, kumbe bado. Alikaa kitandani, akakataa kulala.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Zamani mwenzake alifia juu ya nguzo kwa sababu mtu wa chini aliwasha umeme kwa kukisia. Tangu hapo, kazini kwake hakuna anayegusa swichi mpaka aliye kwenye waya aseme kwa mdomo wake mwenyewe, "Washa."

"Mimi nitakuwa nimelala," alimwambia daktari. "Nani atasema?"

Daktari hakucheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alimuuliza anamwamini nani. Fyuzi akaninyooshea kidole.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mambo yakienda mrama, neno lingekuwa limetoka kinywani mwangu. Lakini nilijua akirudi nyumbani na moyo ule, siku moja nitamwokota sakafuni. Nikakubali.

Walinisimamisha mlangoni. Usingizi ukamchukua. Daktari akahakikisha hakuna anayemgusa, akanigeukia. 

"Washa," nikasema.

Mwili ukashtuka mara moja. Kwenye skrini, mistari iliyokuwa imevurugika ikatulia, ikaanza kupanda na kushuka kwa nafasi sawasawa. Muuguzi akanishika mkono. Nililia bila kuona haya.

Tulionywa kwamba mwendo ule mbaya unaweza kurudi, na kwamba dawa asiziache. Fyuzi alipofumbua macho aliniuliza kama niliogopa. Nikamwambia sana.

"Mimi sikuogopa, mama watoto," akasema. "Nilijua husemi mpaka uwe na hakika."

Hakika sikuwa nayo hata chembe. Sikumwambia. Nililaza kichwa kifuani pake, nikamwambia asante kwa kuniamini.