Zamu ya Ngoitiko

Kwa maelezo ya Mama Dorkasi, anayekaanga vitumbua mlango wa pili, Clemensi ndiye aliyeanza: eti alichomoa kisu, akamtukania Ngoitiko mama yake, ndipo rungu likapanda. Lakini Mama Dorkasi alikuwa nje. Marsela alikuwa ndani, kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, na alichokiona hakikuwa na kisu.

Sebastian alipofungua duka la intaneti hapa Karatu, mwaka 2001, alianzisha tovuti ya waongoza watalii. Bure, alisema, kila mtu aje aandikwe. Marsela, aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyechapa majina. Wa kwanza alikuwa Ngoitiko, aliyekuja kwa lori kutoka Engaresero.

"Dada, hii ni kama kisimani," alimwambia. "Aliyetangulia, ng'ombe wake wanakunywa kwanza. Anayeruka zamu anapigwa."

Marsela aliona ni haki. Miaka miwili wageni walimwandikia Ngoitiko moja kwa moja.

Wageni walipozoea, Sebastian akaanza kuuza nafasi za juu. Baadaye hata hilo halikumtosha. Akafuta anwani za barua pepe za waongozaji, ili kila barua ya mgeni ije kwake, naye amtume anayekubali ujira mdogo.

"Mshushe Mmasai, mpandishe Clemensi," aliagiza. Clemensi, kijana wa Mbulu aliyeridhika na ujira mdogo, wala hakuwa ameomba. Marsela akabonyeza.

Ngoitiko alikaa miezi mitatu bila mgeni. Asubuhi ya ugomvi aliingia, akamwomba Marsela amfungulie ukurasa. Alilitafuta jina lake juu. Akaliona la Clemensi, na Clemensi mwenyewe ameketi pembeni anasoma barua.

"Umeruka zamu yangu."

"Zamu gani, yero?" Clemensi akacheka, akiiga Kimasai. "Hapa si kisimani. Ng'ombe wako wanajua kubonyeza?"

Rungu lilimpata juu ya sikio. La pili likatua mdomoni, meno yakamwagika kwenye vitufe. Akaanguka, na Ngoitiko akamfuata chini, akipiga mbavu kama mtu anayepura maharage.

"Dada Marsela," Clemensi alikoroma, "mwambie sikuomba!"

Sebastian alikuwa amejibanza nyuma ya kaunta.

"Si yeye!" Marsela akapiga kelele. "Sebastian ndiye aliyempa nafasi yako! Na aliyekushusha ni mimi, kwa mkono huu!"

Rungu likasimama hewani. Ngoitiko akamtazama sana. Kisha akaruka kaunta, akamkamata Sebastian shingoni, akamgonga uso kwenye kioo cha kompyuta ya kaunta mpaka kikapasuka, akamburuta hadi miguuni pa Marsela.

"Nirudishe juu. Sasa hivi. La sivyo namuua."

Marsela akageukia kompyuta yake. Neno la siri halikukubali. Sebastian alikuwa amelibadilisha juzi, bila kumwambia mtu. Akapiga magoti kwenye damu.

"Kaka Seba, nitajie hilo neno tu. Nimrudishe, akuache. Nakuomba."

Sebastian aliitazama kompyuta ya Marsela, tovuti yake bado inawaka humo. Akafumba mdomo.