Mshika Taa Hatoki Ghalani

Tangazo lilibandikwa kwenye kioo cha kibanda cha fundi simu, juu ya nyaya za chaja, mahali ambapo mteja hata akiwa na haraka ya kufa lazima alione: "Anatafutwa mshika taa. Mchezo wa mtandaoni, Mji wa Chini ya Kisima. Wafu wanatembea, milango inameza watu. Waoga wasijisumbue. Ingia jukwaani kwa jina la bandia, umuulize Bawabu."

Bawabu alikuwa fundi mwenyewe, mwanamke kijana mwenye vidole vyembamba na ulimi mrefu. Akiwa kazini alifungua simu za watu. Akifunga kibanda alifungua malango ya mji ule wa kubuni. Aliwaandikia wachezaji kilichojificha nyuma ya kila mlango, nao wakamjibu wanachofanya: huyu mwindaji, yule mganga, mwingine mwizi wa makaburini. Mchezo ulikuwa mtamu, ila ulikwama. Mshika taa wao aliolewa akaaga, na bila taa kundi zima lilisimama ngazini, halipandi wala halishuki. Walioomba nafasi yake nao walikuwa wa kumwaga damu kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Ukiwasoma, badala ya kuogopa, unacheka.

Basi fundi akatunga mtihani. "Nenda mahali panapokutisha kweli. Kaa hapo, uniandikie unachoona na unachosikia. Usitoke mpaka jua lizame. Nitakudanganya utoke: nitasema kuna moto, nitasema nyumbani wanakuita. Ukiniamini, umeshindwa. Na simu ya mtu usipokee." Alipoubandika mtihani huo jukwaani alijipigia makofi moyoni. Alijiona ana akili kuliko watu wote wa mtaa ule.

Alasiri moja mjomba wake, mtunza ghala la nafaka, alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja akingojea simu yake iliyotumbukia kwenye ndoo. Ilikuwa imelala mezani vipande vipande, kama kuku aliyechinjwa.

"Hivi mtu mzima na akili zake anaomba kutishwa?" mjomba aliuliza, macho kwenye tangazo.

"Wako tele, mjomba."

"Basi mkazamjomba wako hayumo. Yule, mjusi akipita ukutani, anahama chumba."

"Mcheke tu. Kile kitendawili chake umeshakitegua?"

Mjomba akanuna. Mkewe alikuwa amemtegea tangu mwezi uliopita: kwetu kuna ngoma, majirani wanaisikia, mpigaji hana habari. Mjomba alishajibu redio, akajibu mvua juu ya bati, akajibu hata mtoto tumboni. Sivyo, sivyo, sivyo. Lililobaki ni kukubali kushindwa na kumpa mwenzake mji, kama vitendawili vinavyotaka, ndipo atajiwe jibu.

"Mji simpi," alisema. "Nikimpa mji leo, kesho atadai nchi."

"Na ghala umemwachia nani?"

"Watu wa dawa. Wanafukiza wadudu. Wanaziba kila tundu kwa turubai, wanapanga vidonge vinavyotoa gesi, wanafunga. Siku kadhaa hakuna kiumbe kitakachovuta pumzi mle. Nimewaambia hamna mtu, nimekagua mwenyewe, chapeni kazi."

"Na mkazamjomba? Si atakuja na chakula akute kumefungwa?"

"Nimemwambia leo asilete. Ya kazini siyapeleki nyumbani, maelezo ya nini?"

Simu ya fundi ikalia. Jukwaani ameingia mwombaji mpya, anajiita Kiberiti. Fundi, kwa kumchekesha mjomba, akaanza kusoma kwa sauti ya kizimwi.

"Nimekaa nyuma ya magunia. Juu ya bati njiwa wanatembea kwa kucha, kama watu wanaopapasa mlango. Panya ananitazama, hakimbii. Anajua hapa ni kwake, mimi ndiye mgeni. Gunia nililoegemea limeshonwa kwa uzi mwekundu, kama tumbo la mtu aliyepasuliwa."

"Ee! Huyu sasa!" fundi alipiga meza. "Huyu ndiye mshika taa wangu."

Mjomba hakucheka. Alikuwa ameinuka kwenye stuli bila kujua kwamba ameinuka.

"Rudia hapo pa uzi."

Fundi akarudia.

"Uzi mwekundu ni wa cherehani ya mke wangu," mjomba alisema polepole. "Kamba ya kushonea iliniishia, yeye ndiye aliyenishonea lile gunia. Moja tu. Na ufunguo wa mlango mdogo wa nyuma, wa akiba, anakaa nao yeye."

Ujumbe mwingine ukaingia. "Nje wanaume wanaongea. Wanaburuta kitu kizito. Mwanga uliokuwa chini ya mlango umekatika. Natetemeka, Bawabu, lakini nipo."

Fundi aliandika mpaka vidole vikagongana: "Toka! Wanafukiza humo. Ni sumu. Mimi siye Bawabu sasa, ni mimi mwanao. Toka!"

Jibu likaja na kicheko. "Ulisema utanidanganya. Sitoki."

Akampigia mkazamjomba. Simu ikaita mara moja, ikakatwa. "Hata ukipiga," Kiberiti akaandika. "Leo mtaniona mimi nani."

Hapo fundi akaona alichokifanya. Kila neno la kweli alilokuwa nalo alishalitia sumu kwa mkono wake. Angesema moto, ni hila. Angesema mumeo yuko hapa, ni hila.

"Wapigie watu wa dawa!"

"Namba zao zimo humo," mjomba akaonyesha maiti ya simu yake mezani.

Kibanda hakikufungwa. Walimrukia mwenye pikipiki aliyekuwa anakula karanga pembeni. Mjomba nyuma, fundi katikati, simu kaishika kwa mikono miwili. Mwenye pikipiki alitaka kuuliza wanakwenda wapi. Mjomba akamkemea kwa sauti ambayo fundi hajawahi kuisikia kwake, na pikipiki ikaondoka kama imechomwa mkia. Wakapita wachoma mahindi, wakapita shule. Kwenye kivuko cha reli lori lilikuwa limekufa katikati ya njia, watu wamelizunguka wanashauriana, kila mtu fundi.

Simu ikatetema. Fundi akasoma kimoyomoyo.

"Anasemaje? Sema!"

"Anasema... 'Sasa kuna harufu. Kama kitunguu saumu kilichooza. Hiyo umeifanyaje, Bawabu? Umenitumia mtu?'"

Mjomba akashika kichwa. Anaijua harufu ile. Hufundishwa kila mwaka: ukiisikia, usijiulize, mguu niponye.

"Ameanza kuvuta," alisema. Kisha akajinong'oneza kitu. Ghafla akamshika fundi bega, akambana mpaka akaumia. "Andika nikuambiavyo. Usiongeze lako hata moja. Andika: kwetu kuna ngoma, majirani wanaisikia, mpigaji hana habari."

"Mjomba..."

"Andika! Andika: nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Huu tunaokaa! Na ule aliozaliwa. Nimpe nani mwingine? Mpe yote!"

Fundi akaandika, akatuma. Wakatazama kile kioo kidogo kama watu wanaotazama mgonjwa. Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja.

Lori lilisukumwa kando, wakapita kwa kukwangua. Jibu halikuja. Ukuta wa ghala ukaonekana, umevikwa turubai kama jeneza kubwa. Jibu halikuja. Mjomba aliruka kabla pikipiki haijasimama, goti lake bovu likagoma, akaenda hivyo hivyo akichechemea na kupiga kelele, "Fungueni! Fungueni, kuna mtu!"

Wa kwanza kukutana naye alikuwa mmoja wa watu wa dawa, kinyago shingoni, anakimbia kuja upande wao, macho yamemtoka.

"Bosi, mle mna kitu! Turubai la nyuma limetoa mikono!"

Wakazunguka nyuma. Turubai la mlango mdogo lilikuwa limeng'oka misumari upande mmoja. Na pale chini, mbali kidogo, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mkazamjomba, khanga puani, anakohoa, simu imo mkononi. Mtu wa dawa wa pili alisimama kando yake na chupa ya maji, bado hajaamua kama ampe au akimbie.

Mjomba alimpigia magoti, goti bovu na zima kwa pamoja. Mkewe alimtazama juu hadi chini.

"Ule mji umeutoa wewe, au ni Bawabu?"

"Mimi."

"Nilijua. Bawabu angeniahidi dhahabu. Mji wako ulivyokuwa mgumu, nikasema huyu anakufa, au ninakufa mimi." Akakohoa tena. "Sema kwa mdomo, wasikie."

"Nakupa mji, mke wangu. Inuka twende zahanati."

"Mkoromo wako."

"Nini?"

"Jibu. Ni mkoromo wako. Mtaa mzima unaujua, baba, isipokuwa wewe."

Mtu wa dawa akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mjomba akamwinua mkewe kwa uangalifu, kama anayeinua taa inayowaka, akampandisha kwenye pikipiki, akapanda nyuma yake na kumkumbatia. Mkazamjomba akageuka.

"Nimefaulu, au nimeshindwa kwa sababu jua halijazama?"

"Umefaulu, mama," fundi alisema, na ndipo machozi yakamtoka. "Mtihani naufuta sasa hivi."

"Ufute kweli. Na wenzangu je? Nao umewakalisha wapi?"

Pikipiki ikaondoka. Fundi akabaki amesimama kando ya turubai na swali lile. Wapo waombaji wengine waliokuwa wakiandika tangu asubuhi: wa makaburini, wa kwenye kisima kikavu, wa kwenye nyumba iliyobomoka. Alikuwa amewacheka, akasema wanabuni tu, wamejilalia vitandani.

Akaandika jukwaani: "Mtihani umekwisha. Si hila. Kila mtu aseme aliko." Halafu akasubiri, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuwa Bawabu aliomba kwa moyo wote waombaji wake wawe waongo.

"Niko kitandani," akaandika wa makaburini. "Samahani."

"Sebuleni," akaandika wa nyumba iliyobomoka.

Wa kisimani hakuwa amejibu. Fundi akakaa juu ya ile ndoo, akaitazama simu, mpaka herufi zikaanza kujitokeza moja moja: "Kisima gani, Bawabu? Mimi hata ngazi naogopa."