Gari la Mkunga Limechemsha Tena

Subaru ya mkunga ilirudi ikivutwa kwa kamba, na Nati alipoiona inaingia getini damu ilimpanda kichwani kabla hajaambiwa neno. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu aitengeneze. Aliipandisha kilima mwenyewe, akaishusha, akaipandisha tena, mshale wa joto ukakaa katikati. Sasa ilikuwa imeinamisha shingo nyuma ya pikapu ya mtu, maji yakidondoka chini ya injini.

Nati si jina alilopewa na wazazi. Wateja wa baba yake walimbandika utotoni, maana alikuwa mfupi, mgumu, na akishang'ang'ania jambo hatoki mpaka kwa spana. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne na gereji ilikuwa yake. Baba yake, fundi mstaafu wa malori, alimkabidhi mbele ya ukoo mzima. Ila alibaki na ufunguo mmoja, kiti kimoja kando ya mlango, na ulimi wake wote.

Mkunga alishuka kwenye pikapu. Mkono wa gauni lake ulikuwa na damu iliyokauka.

"Unajua nimetoka wapi?" alimuuliza Nati. "Nimetoka kuzalisha barabarani. Kwenye kiti cha nyuma cha gari ulilonirudishia ukaniambia limepona. Boneti wazi, mvuke unafuka, watu wamejipanga wanachungulia, na mimi namwambia binti wa watu sukuma."

"Mtoto?" Nati aliuliza.

"Mzima. Mama yake pia. Mungu ndiye aliyekuwa zamu, si wewe." Mkunga alifuta uso kwa kiwiko. "Mafundi watatu waliniambia gasketi imekwenda, injini ishushwe. Wewe peke yako ulisema hapana, nikakuamini. Haya, nakupa leo. Likichemsha tena kwenye kile kilima, kwako sirudi, na zahanati zote ninazozungukia watasikia kutoka kwangu kwamba hapa hakuna fundi. Nisikufiche."

Nati aliijua hesabu hiyo. Fundi wa kiume akikosea, gari ndilo bovu. Fundi wa kike akikosea, ni mwanamke. Alikuwa amekula miaka kumi na tano kulijenga jina lile, nati kwa nati, na sasa lilikuwa linaning'inia kwenye mfuniko wa rejeta.

"Nilisema mimi," baba yake alitia neno kutoka kitini. Alikuwa amesikia yote. "Gasketi hiyo. Penye wazee haliharibiki jambo, lakini nani ananisikiliza?"

Nati alimeza hasira, akaingia kazini. Alisubiri injini ipoe, akajaza maji, akaiwasha, akaacha wazi kopo la maji ya akiba. Gasketi ikiwa imekufa, moshi wa silinda hupenya kwenye maji, kopo likatoa mapovu yasiyokwisha na harufu ya ekzosi. Alikodolea macho lile kopo dakika kumi. Povu hakuna, harufu hakuna. Feni zote mbili ziliwaka kwa wakati wake. Mshale ulipoanza kupanda, alishika mipira miwili ya rejeta. Wa juu ulikuwa wa moto, wa chini vuguvugu tu, wala haukubadilika. Maana yake maji yalikuwa yanazunguka humohumo ndani ya injini, kwenye rejeta hayaendi.

Akazima. Injini ilipopoa tena alilala chini, akafungua kifuniko kilicho karibu na pampu. Maji yaliyommwagikia mkononi yalikuwa meupe, ya bomba. Siku nne zilizopita alikuwa ametia kolanti ya kijani, ile dawa ya kupoza injini, lita zote, kwa mkono wake. Akaingiza kidole ndani. Themostati, kile kizibo kinachoyaongoza maji kwenda kwenye rejeta, haikuwepo.

Loo! Alitoka chini ya gari kama aliyeng'atwa na siafu. Ile ilikuwa mpya, ameifungua kwenye boksi mwenyewe. Haiyeyuki, haina miguu. Kuna mtu ameingia gerejini mwake, amefungua gari la mteja, ameiba. Na ni nani angeiba kama si jirani? Akavuka uwanja mpaka kwa mchomeleaji wa mageti, spana mkononi.

"Themostati yangu iko wapi?"

Mchomeleaji aliinua barakoa. "Nini yako?"

"Usinifanye mjinga! Jumamosi gari la mkunga liko tayari, nimekwenda kununua vipuri, nimekuacha hapahapa. Nani mwingine mwenye mikono mirefu?"

"Dada yangu, mimi nachomea mageti. Hicho kidude nikishakiiba nakipeleka wapi, nikivae?"

"Nitakuvisha spana!"

"Mwache mtoto wa watu," baba yake akasema nyuma yake, wala hakuinuka kitini. "Nimeitoa mimi."

Nati aligeuka. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na bado ukikiona unashtuka.

"Umesema nini, baba?"

"Nimeitoa. Malori mia tatu yamepita mkononi mwangu, na hakuna hata moja nililoliacha na kile kizibo. Kule kwenye baridi wanakihitaji kupasha injini. Sisi jua tunapewa bure, kizibo cha nini? Nilikuona umekirudisha, nikasema, mwanangu atajiaibisha. Nikakusaidia." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu aliyelipia karo ya mtoto wa jirani na hataki shukrani.

"Ukanisaidia! Bila kuniambia!"

"Ningekwambia ungekataa."

"Ebo! Si ndiyo maana ya kuniambia?" Sauti ya Nati ilimfikia hata mkunga, aliyekuwa anajiosha bombani mwisho wa uwanja. Akaishusha, si kwa kupenda, ni kwa malezi. "Baba, hili si lori. Injini hii imelala ubavu, na themostati yake imewekwa chini, maji yanakoingilia. Ina kifuniko kwa nyuma. Injini ikipata moto, inafungua njia ya kutoka kwenye rejeta na papo hapo inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Na maji ni mavivu kama watu. Yakiachiwa mkato, rejeta hayaendi! Kwenye tambarare utaponea. Kwenye kilima, na watu wanne ndani, linachemsha."

"Maneno mengi hayapozi injini," mzee akasema.

"Sawa. Utapanda nasi kile kilima."

Alitia themostati nyingine. Akapandisha magurudumu ya mbele juu ya matofali mawili mapana, pua ya gari ikatazama juu, maana injini iliyolala huficha hewa kwenye pembe zake, na hewa ikibaki, hata themostati ya dhahabu haisaidii. Akafungua heta, kile kipasha joto cha ndani, mpaka mwisho. Akamimina kolanti polepole, akiukamua mpira wa juu kama chuchu ya ng'ombe, hewa ikatoka kwa vikohozi, akajaza, akakamua, akajaza tena. Hakuharakisha hata kidogo. Mapovu yalipokwisha kabisa, akafunga.

Mkunga alishika usukani, Nati akakaa mbele. Baba yake akafunguliwa mlango wa nyuma. Kile kiti kilikuwa kimetandikwa kanga iliyolowa, na mzee alisimama akiitazama kwa muda kabla hajaisogeza na kukaa pembeni kabisa, magoti pamoja.

Kilima kile ni kirefu na hakina huruma. Walikipanda kwa gia ya pili, jua la saa nane likiwachoma utosi. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukakaa. Walifika juu, wakageuza, wakashuka, wakapanda tena. Ukakaa palepale. Nati alimtazama baba yake kwenye kioo. Naye alikuwa anautazama mshale, na hakusema gasketi wala kizibo.

Waliporudi, mkunga alizima gari, akakaa kidogo bila kushuka. "Kumbe linapona," alisema. "Sasa niambieni. Ilikuwa nini?"

Nati alisubiri. Alimpa baba yake nafasi, Mungu ni shahidi, alimpa nafasi ya kutosha.

"Vijana, mama," mzee akasema, akicheka kidogo. "Haraka haraka. Alisahau kitu kimoja kidogo kule chini, nikamwonyesha. Sasa kiko sawa."

Jamani! Nati alihisi masikio yanawaka. Kuharibu aharibu yeye, kutengeneza atengeneze mwanawe, na lawama imrudie aliyetengeneza! Kama ni adabu, adabu ina mwisho wake.

"Sikusahau kitu," akasema. "Niliweka, kikatolewa. Aliyekitoa ni huyu, baba yangu mzazi, nilipokwenda dukani. Hakuniambia. Ungefia kilimani na binti wa watu na bado asingeniambia."

Mkunga aligeuka kitini, akamtazama mzee.

"Yule binti wa leo ana miaka kumi na tisa, mzee wangu," alisema, bila kupandisha sauti. "Alikuwa ananiuliza kama anakufa. Mara tatu ameniuliza, hapo ulipokaa."

Mzee alifungua mlango akashuka. "Unanivua nguo mbele za watu," akamwambia Nati. "Mimi niliyekufundisha kushika spana."

"Umenifundisha, na nakushukuru kila siku. Ila gari la mteja halina baba. Nipe ufunguo wa gereji."

Mchomeleaji alikuwa amezima mtambo wake, anasikiliza waziwazi. Mzee alipapasa mfuko wa koti, akautoa ufunguo, akauweka juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto. Akaondoka kwa miguu. Kiti chake kilibaki, na Nati hakuthubutu hata kukisogeza. Alilia chooni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akaosha uso, akaenda kumwomba mchomeleaji radhi.

Kesho yake asubuhi alikuwa chini ya gari jingine, peke yake, aliposikia sauti getini.

"Hodi."

Akaacha kukaza boliti. Geti lile baba yake alilijenga mwenyewe, na katika maisha yake yote hakuwahi kulibishia hodi.

"Hodi."

Moyo ulikuwa unamwambia ajibu, na hasira inamwambia asubiri, aonje. Aliona viatu vya mzee kwa chini ya gari, vimesimama nje ya mstari wa geti kabisa, vimepigwa rangi kama vya kwenda ugenini. Hodi ya tatu ikikosa jibu, mtu huenda zake.

"Hodi," mzee akasema, polepole zaidi.

"Karibu, baba," Nati akajibu, na hasira ilikuwa bado haijamtoka kwenye sauti. "Ila leo unanishikia taa."

Mzee akaingia. Akaiokota taa sakafuni, akapiga magoti yake mabovu kando ya gari, akamulika.