Tope la Tuamzigo

"Dorcas! Unafanya nini?"

Dada yake Ildefonsi hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa uani, kanga imekazwa kiunoni, gunzi la hindi mkononi, akisugua tairi la mbele kwa nguvu zile zile anazosugulia sufuria iliyoungua. Baiskeli ilikuwa imelazwa juu ya majani ya mgomba. Beseni lililokuwa kando yake lilijaa maji mekundu.

"Naosha," alisema. "Leo si tunaganduka? Nimefua mashuka, nimefua koti lako, nimepaka nyumba. Kilichobaki ni hiki chuma. Mwaka mzima kimelala na uchafu wake kama mtu asiye na ndugu."

Ildefonsi alikuwa ametoka kuoga nyuma ya nyumba. Kichwa kilikuwa kimenyolewa upya, na shati jeupe alilopewa kwa ajili ya siku hiyo lilikuwa halijapata hata kunyanzi moja. Aliyatazama yale maji mekundu. Lile halikuwa uchafu. Lilikuwa tope la mwisho la binti yake Uwimana, lililokaukia kwenye tairi, kwenye spoku na chini ya tandiko tangu asubuhi ile vijana walipoileta baiskeli nyumbani mabegani, na mwenyewe akaletwa nyuma yake katika machela. Mwaka mzima Ildefonsi aliihamisha kutoka kona hii kwenda ile kila mvua ilipopata tundu jipya kwenye bati. Hakumruhusu mtu kuigusa. Sababu hakumwambia yeyote. Mtu mzima na akili zake atasemaje kwamba anatunza tope?

"Mbona umenyamaza?" Dorcas aliuliza, sasa akimtazama.

"Hapana. Endelea tu."

Akaingia ndani, akakaa kitandani, akalia kimya kimya mpaka shati likalowa kifuani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na si kila mzazi ana mdomo wa kuusema.

Kwa watu wa kwao, waliovuka kutoka Burundi enzi za baba yake na leo ni wenyeji wa Murungu kama mihogo ya Murungu, msiba hauishii kaburini. Hukaa na watu mwaka mzima, mpaka siku ya kuganduka. Siku hiyo watu huoga, hunyoa, huketi pamoja, hunywa rubisi, pombe ya ndizi, na msiba huwekwa chini. Siku hiyo pia mwenye nyumba husimama mbele ya watu akataja vitu vya marehemu na nani atavichukua, maana baada ya hapo haifai kitu cha marehemu kulala bila mwenyewe. Uwimana hakuacha mume wala mtoto. Aliacha nguo, medali na baiskeli. Kwa hiyo kabla ya jua kuzama Ildefonsi alitakiwa kutaja jina la atakayechukua baiskeli, na jina hakuwa nalo. Tuseme ukweli, hakutaka kuwa nalo.

Kazi yake ilikuwa ndizi, tangu ujana. Anafunga mikungu kwenye baiskeli nyeusi ya mizigo mpaka baiskeli yenyewe haionekani, anafunga fimbo kwenye usukani ili aweze kuiongoza akitembea kando, halafu anaukabili mlima. Barabara ya zamani ya kwenda sokoni Kibondo inapita mlima mmoja ambao wachukuzi waliubatiza Tuamzigo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuupanda bila kutua. Mke wake alipofariki, Uwimana alikuwa mtoto wa darasa la pili, na hakukuwa na wa kumwachia. Basi akawa anakwenda naye. Mtoto alitembea nyuma, mikono miwili kwenye keria, akisukuma.

"Dawe, usigeuke nyuma!" alikuwa akipiga kelele, maana baba akigeuka mzigo unapinda. Dawe ni baba kwa lugha ya nyumbani.

Wakirudi jioni baiskeli ikiwa tupu, zamu iligeuka. Uwimana alipanda, miguu yake ikiifikia pedali kwa shida, na Ildefonsi akatia kiganja chini ya tandiko akasukuma. Walipofika kwenye kona ya mkaratusi aliondoa mkono bila kusema. Mtoto alijua kwamba ameachiwa. Naye hakusema, alikanyaga tu.

Huko ndiko alikotoka yule ambaye baadaye redio ilimtangaza. Mashindano ya kwanza, pale Kibondo, aliingia na baiskeli ile ile ya ndizi, keria imeng'olewa na Gharibu, muuza vipuri wa mjini. Watu walicheka. Mlimani kicheko kikaisha. Huko Kasulu alijishindia baiskeli ya milimani yenye gia, hiyo hiyo iliyokuwa ikisuguliwa kwa gunzi, kisha akaenda Buhigwe, akaenda mpaka Arusha. Akirudi na medali, alimvalisha mbuzi kwanza, mbuzi akatembezwa nayo kutwa kijijini. Mtangazaji alipomuuliza kocha wake ni nani, alijibu, "Ndizi." Na wala hakuwa anatania.

Baada ya hapo Murungu ikaharibika, kama walivyosema kina mama. Wasichana waliotumwa maji walirudi wakishindana, madumu yakafika nusu. Kina baba walitafuta baiskeli zao asubuhi wasizione. Jioni kundi zima lilikuwa Tuamzigo, Uwimana mbele, wengine nyuma yake na baiskeli za mizigo, za kuazima, za kuiba kwa saa moja. Ildefonsi, mlangoni kwake, aliisikia minyororo ikilia ikipanda na vicheko vikishuka. Wazee wengine walisema mwanamke hakai juu ya baiskeli hivyo. Yeye aliwajibu kwamba wa kwake hakai, anapaa.

Masika yaliyopita, mto ulio chini ya mlima ulichukua gogo moja la daraja. Uwimana alikuwa ameteremka juu ya magogo yale tangu utotoni. Asubuhi hiyo aliteremka kama kawaida.

Tangu siku ile Ildefonsi hakukanyaga tena Tuamzigo. Alizunguka na ndizi zake kwa barabara ya lami, njia ndefu, malori yakimpita na kumvika koti la moshi. Na kila jioni alikaa mlangoni akisikiliza upande wa mlima. Wiki ya kwanza, kimya. Mwezi wa kwanza, kimya. Hakuna mnyororo, hakuna kicheko. Vijana aliwaona mara moja moja kwenye uwanja wa mpira wakizunguka, naye akageuza uso. Kifo cha mwanawe alikuwa amekipokea kama mvua ya mawe, maana mvua ya mawe huishitaki popote. Kilichomla ni ule ukimya wa mlimani. Wamemsahau mapema hivi, alijiambia. Hata mwaka haujaisha.

Alasiri uwanja wa nyumba ulijaa. Sala ilisaliwa, mtungi wa rubisi ukaletwa na mirija yake, na Gharibu, ambaye ni Mwislamu, akawekewa chai yake ya tangawizi pembeni akakaa nayo kwa adabu. Nyuma kabisa, kando ya uzio, walisimama vijana na baiskeli zao. Ile ya Uwimana ilikuwa imesimamishwa katikati ya watu, inang'aa, mpya kabisa. Ildefonsi alishindwa kuitazama. Ilikuwa kama baiskeli ya duka, isiyomjua mtu.

Alisimama.

"Nguo za mwanangu shangazi yake atazigawa," alisema. "Medali zitabaki na picha yake. Baiskeli..." Watu wakaacha mirija. "Baiskeli sina wa kumpa."

"Ildefonsi!" Dorcas alinong'ona. "Haifai."

"Najua haifai. Lakini nimpe nani? Mwaka mzima nakaa pale mlangoni nasikiliza mlima. Sijasikia hata mmoja. Hawa aliowafundisha, aliogawana nao chakula chake, hata mmoja! Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sawa. Nimekubali. Lakini baiskeli yake msiniombe."

Watu waliinamisha vichwa. Sauti ya mtu akipumua kwa kwikwi ikatoka upande wa uzio, kisha msichana mmoja akajitokeza katikati ya viti. Alikuwa Ininahazwe, yule aliyekuwa akimfuata Uwimana gurudumu kwa gurudumu, mpaka watu wakamwita mkia wake. Alipiga goti.

"Mwihangane, mzee," alimpa pole kwa lugha ya nyumbani.

"Ego," aliitikia. "Inuka useme."

"Mzee, sisi hatukusahau." Akainuka. "Tulikuona unazunguka kwa lami. Na mzigo, na jua lile. Tukasema, baba mwenye mtoto hapiti pale, sisi tutapita vipi? Tutapita na makelele yetu, yeye anasikia, tutakuwa tumemkanyaga. Tukasema tusubiri. Akipita yeye, na sisi tutapita."

"Nani aliwaambia hivyo?"

"Hakuna. Tuliona tu."

Ildefonsi alimgeukia Gharibu, kama mtu anayetafuta shahidi.

"Ni kweli, ndugu yangu," Gharibu alisema, akiweka kikombe chini. "Wanakuja dukani kwangu. Nawaambia, Kasulu mashindano yamekaribia, nendeni mlimani, uwanja wa mpira haumfundishi mtu kupanda. Wananijibu, mpaka mzee apite. Wanazunguka pale chini mwaka mzima kama kuku aliyefungwa mguu."

"Na wewe hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nilidhani umewakataza."

Ildefonsi alitazama nyuso zile kando ya uzio, moja baada ya nyingine, na sasa aliona kile ambacho kugeuza uso kulimnyima mwaka mzima: kila baiskeli ilikuwa na kitambaa cheusi kimefungwa kwenye usukani, vitambaa vilivyochakaa kwa jua, vingine vimebaki nyuzi tu. Aibu na furaha na uchungu vilimjia kwa pamoja, hata hakujua ashike kipi. Mwaka mzima alikuwa analia peke yake mlangoni, na wao wanalia peke yao uwanjani, na katikati yao umelala mlima mmoja unaosubiri mtu wa kwanza.

"Yoo," alisema polepole. "Kumbe tulikuwa tunasubiriana."

Akaishika baiskeli usukani, bado imelowa kwenye mnyororo, akaanza kuisukuma kuelekea lango.

"Unakwenda wapi?" Dorcas alisema. "Watu hawajamaliza rubisi!"

"Rubisi itatungoja. Mlima umengoja mwaka."

Mvua ilikuwa imenyesha mchana, njia ilikuwa laini. Watu walimfuata kwa mbali, vijana wakikokota baiskeli zao. Darajani Ildefonsi alisimama. Wanakijiji walikuwa wameweka magogo mapya, hakuwa ameyaona. Maji yalipita chini yake, madogo, mapole, kama hayajawahi kumkosea mtu. Alitaka kurudi. Miguu yake ilitaka kurudi na moyo wake uliitetea. Lakini nyuma yake alisikia minyororo ikigonga kwa upole, ile sauti aliyonyimwa, akakanyaga gogo la kwanza. Akakanyaga la pili. Alikwenda gogo kwa gogo, kila moja akilielemea kwa uzito wake wote, analitikisa, ndipo anahamia jingine. Alipofika ng'ambo akarudi, akayajaribu tena yote kutoka upande wa pili. Hakuna aliyemharakisha.

"Yanashika," alisema mwishowe. "Ininahazwe, njoo upande."

"Mimi?"

"Nani mwingine alikuwa mkia? Panda, kabla sijabadili nia."

Msichana alipanda. Alizikamata breki. Ildefonsi alitia kiganja chini ya tandiko, mahali pale pale, na kiganja kikapajua. Chuma kilikuwa safi. Alisikitikia lile tope kwa mara ya mwisho, akasukuma.

Walianza kupanda. Mguu mmoja, mwingine. Goti lake la kulia lilipiga kelele zake za kizee, pumzi ikawa fupi, na udongo mwekundu wa Tuamzigo ukaanza kushika tairi, kidogo kidogo, ukijaza mifereji ile aliyoisugua Dorcas asubuhi. Ininahazwe hakugeuka nyuma. Mtu alikuwa amemfundisha.

Kwenye kona ya mkaratusi Ildefonsi aliondoa mkono.

Baiskeli iliyumba mara moja, ikasimama sawa, ikaendelea. Akabaki katikati ya njia, kiganja bado kimeinuliwa, akimwona msichana akipungua kule juu, mgongo umeinama kama mgongo mwingine anaoujua. Kisha mlima mzima ukapiga kelele. Wale waliobaki chini walikuwa wamepanda: baiskeli za gia na za mizigo, moja dumu lingali limefungwa nyuma, wakimpita kulia na kushoto, na magurudumu yao yakimrushia tope kwenye suruali, kwenye kichwa kilichonyolewa, kwenye shati lile jeupe.

"Dawe!" msichana wa mwisho alimwita, akijaribu kupunguza mwendo. "Dawe, tunakuchafua!"

Neno lile lilimpata kifuani. Alijitazama, akaliona tope likishuka polepole kwenye shati, bado bichi.

"Piteni," alisema. "Piteni tu."